Kipimo kilisema mzima, lakini mume wangu si yule tena

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Morogoro. Asubuhi nauza chai na vitumbua, mume wangu ni dereva wa bodaboda. Naomba jina langu lisitajwe, maana kijiweni kwao wanasoma safu hii kwenye simu.

Mwezi wa tatu mwaka huu, usiku, alimbeba binti wa chuo kutoka Msamvu. Fuso ililipita gari la mbele bila kuangalia, ikawagonga. Binti alifariki pale pale. Mume wangu alikutwa mtaroni, helmeti imepasuka, hajitambui. Wenzake wanasema alizinduka kwenye bajaji, akawa anauliza, "Abiria wangu yuko wapi?" Wakimjibu, baada ya dakika anauliza tena. Hospitali walimpiga CT-scan, wakasema hakuna damu wala ufa, ni mzima. Kesho yake tukaruhusiwa na dawa za maumivu, hatukuambiwa kingine. Trafiki walipima, kosa likawa la fuso.

Mwanzoni nilidhani ni uchovu. Sasa tuko mwezi wa nane. Kichwa kinamuuma karibu kila siku, akiinuka ghafla anapata kizunguzungu, na taa ikiwaka anafunika macho. Nikimtuma unga anafika dukani, anasimama, hakumbuki alichofuata. Usiku anashtuka akipiga mateke, shuka limelowa jasho. Barabara ile hapiti hata kwa miguu, anazunguka kwa mtaa wa nyuma. Fuso likipita anaganda. Juzi mtoto wetu mkubwa, ana miaka minane, aliangusha mfuniko wa sufuria sakafuni. Baba yake alimrukia akamzaba kofi, halafu akatoka nje, akachuchumaa nyuma ya choo mikono ikimtetemeka. Mama, huyu mwanaume hajawahi kumpiga mtoto. Mimi nikishika fimbo, yeye ndiye alikuwa ananizuia.

Anasema ajali yenyewe haikumbuki kabisa. Shemeji yangu ameshikilia hapo: asiyekumbuka ajali hawezi kuwa na hofu ya ajali, basi anajifanya ili akwepe hesabu ya bosi. Mama mkwe anasema ni binti marehemu anamfuata kwa sababu hatukwenda kuhani, anataka kumpeleka kwa mganga Handeni. Mume wangu mwenyewe ananunua vidonge vya usingizi duka la dawa, na siku hizi anachanganya na pombe kali. Nikitaja hospitali anasema, "Mnataka nipelekwe Mirembe watoto wangu wachekwe."

Pikipiki ni ya mkataba. Imebaki miezi minne iwe yetu. Ilitengenezwa, na bosi amekubali deiwaka aiendeshe kwa muda, lakini mume wangu amesema mwezi ujao anarudi barabarani mwenyewe. Nimewaza niende kwa bosi kimya kimya, nimweleze hali ilivyo, aichukue pikipiki yake. Nitakuwa nimemwokoa, au nitakuwa nimemmaliza? Na nisaidie hili pia: ni ubongo umeumia, au ni hofu? Nikijua, nitajua pa kwenda.

Mke wa dereva, Morogoro

*

Marahaba mwanangu, na pole sana. Umebeba nyumba hii tangu mwezi wa tatu, unaamka kukaanga vitumbua baada ya usiku wa mateke na jasho, na bado umeweza kuniandikia kwa utulivu na kwa heshima kwa mumeo. Hukumwita mlevi, hukumwita mkatili. Umenieleza mtu anayekuzuia fimbo. Nitaanza na huyo mtu.

Nilivyokuelewa, una maswali mawili yaliyofungana. La kwanza ni kama tatizo ni ubongo au hofu. La pili ni pikipiki: umnyang'anye kwa siri kwa usalama wake, au umwache nayo kwa heshima yake. Na unaona kwamba la kwanza likipata jibu, la pili litajijibu lenyewe. Hapo ndipo nakuomba tusimame kidogo.

Kwanza hiyo CT-scan. Kipimo kile ni kizuri sana kwa kazi yake, nayo ni kutafuta damu iliyovuja, mfupa uliopasuka, uvimbe unaohitaji upasuaji. Kikikuta havipo, daktari ana haki ya kushukuru Mungu na wewe pia. Lakini mtikisiko wa ubongo kwa kawaida hauonekani kwenye picha ile. Mtu aliyepoteza fahamu, akazinduka akawa anarudia swali lile lile, ubongo wake ulitikisika, picha iwe safi au isiwe safi. Madaktari huuita jeraha dogo la ubongo iwapo fahamu zilipotea kwa muda usiozidi dakika 30 na kuchanganyikiwa hakukuzidi saa 24. Hilo neno "dogo" linaelezea siku ya ajali tu. Halisemi chochote kuhusu miezi itakayofuata. Wengi hupona ndani ya wiki chache hadi miezi mitatu. Wapo ambao hawaponi kwa muda huo, na mumeo anaonekana kuwa mmoja wao.

Sasa hoja ya shemeji, ambayo nimeisikia kwa watu wengi, tena wasomi. Kwa miaka mingi hata madaktari waliamini hivyo: aliyezimia hakuona kitu, kwa hiyo hana cha kuota. Wakaja kugundua kwamba sivyo. Mumeo hakumbuki fuso ikigonga, lakini huenda mwili wake uliusikia ule mngurumo kabla ya kuzima, na mwili hujifunza kuogopa bila kuhitaji hadithi kamili. Ndiyo maana anaganda fuso likipita wakati mwenyewe hajui kwa nini. Tena kuna alichokiona baada ya kuzinduka, vipande vipande: bajaji, giza, wenzake wakimwambia habari ile ile mara kumi, na kila mara ni mpya kwake. Hebu fikiria kupewa habari ya kifo cha abiria wako mara kumi kwa usiku mmoja. Halafu kuna alichosimuliwa kijiweni, na akili ikajaza yenyewe palipobaki wazi.

Na kuna jambo ambalo hukuliandika lakini nimelisoma katikati ya mistari yako. Trafiki walisema kosa ni la fuso. Wewe unaamini. Je, yeye anaamini? Mtu anayekumbuka anaweza kujiambia, nilikuwa upande wangu, nilipiga breki, sikuwa na namna. Yeye hana picha hiyo. Pale palipostahili kuwa na ushahidi wa kumtetea pana shimo, na kwenye shimo lile mtu mwenye moyo kama wake hujihukumu kila usiku. Sina hakika kwamba ndivyo ilivyo kwake. Ningetamani mtu amuulize.

Ubongo au hofu, basi? Mwanangu, ugomvi huu una zaidi ya miaka mia moja. Mwaka 1915, katika vita kuu ya kwanza, daktari wa Uingereza Charles Myers aliandika kuhusu askari waliotoka kwenye milipuko ya mizinga bila jeraha mwilini, lakini hawaoni vizuri, hawalali, hawakumbuki. Madaktari wakabishana: ni mlipuko umetikisa ubongo, au ni hofu? Walioumia kwa ubishi ule ni askari wenyewe, maana aliyeonekana kwamba kitu chake ni "hofu tu" alitazamwa kama mwoga au mwongo. Hicho ndicho shemeji yako anachokirudia leo bila kujua.

Wanaochunguza siku hizi wameacha kuuliza ni kipi kati ya viwili. Mwaka 2008 ulichapishwa utafiti wa askari wa miguu wa Marekani zaidi ya 2,500 waliorudi kutoka Iraq. Kati ya waliopoteza fahamu vitani, karibu 44 kwa kila 100 walikuwa na dalili za maradhi ya kiwewe, yaani ile hofu inayobaki ikimtesa mtu muda mrefu baada ya tukio la kutisha. Kwa walioumia sehemu nyingine za mwili bila kuguswa kichwa walikuwa kama 16 kwa 100. Unaweza kusema hao ni askari. Mwaka 2019 ukatoka mwingine wa Marekani pia, safari hii wa raia walioumia kwa ajali za kawaida na kupelekwa hospitali. Miezi sita baadaye, walioumia kichwa kidogo walikuwa na kiwewe au sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, kwa kiasi cha 21 kwa 100, na walioumia viungo ilikuwa 12 kwa 100. Pigo la kichwa, kwa hiyo, halimkingi mtu na kiwewe. Linaelekea kumfungulia mlango.

Namna linavyofungua bado inachunguzwa, lakini maelezo mojawapo mke wa dereva atayaelewa upesi. Ndani kabisa ya ubongo kuna sehemu inayopiga mshtuko pakiwa na hatari, na sehemu ya mbele, nyuma ya paji la uso, ndiyo breki yake: ndiyo inayosema, tulia, huo ni mfuniko wa sufuria tu. Kichwa kikitikiswa, sehemu ya mbele ni miongoni mwa zinazoumia kirahisi. Mshtuko unabaki na nguvu zake, breki inalegea. Ongeza kutolala, maana asiyelala huchelewa kupona kichwa na huchelewa kupona kiwewe pia, na maumivu ya kila siku ambayo kila yakianza yanamkumbusha usiku ule. Vitu viwili hivi hulishana.

Kwa hiyo ukiniuliza dalili ipi ni ya wapi, naweza kukutenganishia kidogo tu. Kizunguzungu, kuumwa kichwa na kukerwa na mwanga huelekea zaidi kwenye pigo. Ndoto, kuganda, kuikwepa barabara ile huelekea kwenye kiwewe. Kusahau, hasira, usingizi mbovu na kushtushwa na kelele viko pande zote mbili, na hakuna daktari atakayevikata kwa kisu. Ila nikupe jambo moja la kutia moyo kutoka kwa utafiti ule wa askari. Walipokwisha kuhesabu kiwewe na sonona, malalamiko mengi ya kiafya hayakuonekana tena kutokana na pigo lenyewe, isipokuwa kuumwa kichwa. Maana yake ni kwamba mengi ambayo ndugu wanayaona kama ubongo ulioharibika moja kwa moja yanaweza kuwa ni kiwewe, nacho kina matibabu. Huhitaji kusubiri jibu la swali lako ndipo uanze.

Anasema Mirembe. Simlaumu, jina la hospitali ile limefanywa tusi mitaani, na wagonjwa wanaotibiwa pale wakapona hawasimuliwi na mtu. Lakini safari yake haianzii Dodoma. Hospitali za rufaa za mikoa zina huduma ya afya ya akili humo humo zinapotibiwa presha na malaria, na mlango wa kuingilia unaweza kuwa kichwa. Kichwa kinamuuma, hilo halikatai. "Twende ukaangaliwe kichwa" ni ukweli mtupu, si hila. Akiwa ndani, daktari aambiwe yote, pamoja na ndoto. Akiona inafaa atamwandikia rufaa kwa wataalamu wa mishipa ya fahamu.

Matibabu ya kiwewe yenye nguvu zaidi ni mazungumzo, lakini si ya kubembelezana. Mgonjwa hurudishwa kwenye kumbukumbu ile na kwenye vitu anavyovikwepa hatua kwa hatua, kwa mpangilio, akiwa na mtu aliyefunzwa. Hata wasio madaktari wakifunzwa vizuri wanaweza: kambini Nakivale, Uganda, washauri waliofunzwa kutoka miongoni mwa wakimbizi wenyewe waliwasaidia Wanyarwanda na Wasomali kusimulia maisha yao tangu mwanzo mpaka mwisho, na dalili zao za kiwewe zikapungua. Kuna dawa pia, kama sertralini, ambayo huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha kazi, wengi huiacha mapema wakidhani haisaidii.

Vile vidonge vya usingizi vya duka la dawa vinanitia wasiwasi kuliko mganga wa Handeni. Vingi vya aina hiyo havitibu kiwewe, vinazidisha kusahau na kizunguzungu, mtu huvizoea haraka, na vikichanganywa na pombe vinaweza kuzuia pumzi usingizini. Asiviache ghafla kama amevitumia kwa muda mrefu, hilo nalo lina hatari yake, amwambie daktari. Na dawa za maumivu: akizimeza siku 15 au zaidi kwa mwezi, zenyewe zinaweza kuanza kusababisha maumivu ya kichwa.

Kwa mama mkwe nenda kwa upole. Anaona kitu cha kweli, kwamba kuna maiti ambayo mwanawe hajaizika moyoni. Dua haimdhuru mtu. Kinachodhuru ni kunyweshwa kitu kisichojulikana, kufukizwa akiwa na kichwa kile, au kuambiwa aache dawa. Na hilo la kuhani, nisingelipuuza kabisa. Wapo ambao kwenda kwa wafiwa na wazee, kutoa pole, kusikia kwa masikio yao kwamba hawalaumiwi, kumewatua mzigo. Lakini linaweza kwenda vibaya: mama wa binti anaweza bado kuwa na uchungu mkali, akasema neno ambalo mumeo hatalisahau. Wazee watangulie wasikie hali, na yeye awe ameanza kutibiwa. Na lazima iwe ni hiari yake.

Sasa pikipiki. Naiona hofu yako na haina makosa. Mtu mwenye kizunguzungu, anayeganda fuso likipita, tena kwa vidonge na pombe, si salama kwake wala kwa abiria, na kichwa ambacho hakijapona kikigongwa tena hupona kwa shida zaidi. Ukienda kwa bosi kwa siri, mwezi ujao huenda hatapanda pikipiki. Lakini Morogoro si kubwa kiasi hicho. Akijua, na atajua, atakuwa amepoteza kazi, mali iliyobakiza miezi minne, na mtu mmoja aliyekuwa upande wake. Kwa mwanaume anayejihukumu tayari, naogopa sana upotevu wa hicho cha tatu.

Kuna na upande mwingine ambao pengine hukuufikiria. Kuikwepa barabara kunampa nafuu ya leo na kuikuza hofu ya kesho. Kusema "sitapanda tena maisha yangu yote" kunaweza kuwa ni ugonjwa unaozungumza, kama ambavyo "mwezi ujao nabeba abiria" kunaweza kuwa ni aibu inayozungumza. Katikati kuna njia ndefu: kutembea naye kwa miguu mchana hadi karibu na pale, siku nyingine mbele kidogo, baadaye kuwasha pikipiki uani, baadaye kuzunguka mtaa bila abiria, yote kwa idhini ya daktari na kizunguzungu kikiwa kimetulia. Hiyo njia inahitaji pikipiki isiondoke. Je, haiwezekani mkaenda kwa bosi wote wawili, mkaomba deiwaka aendelee na miezi hii, hesabu ihesabiwe kwenye mkataba ule ule? Bosi aliyevumilia tangu mwezi wa tatu anaweza kukubali. Anaweza pia kukataa, na mkawa mmemfichulia udhaifu ambao hakuujua wote. Wewe unamfahamu, mimi simfahamu. Na kama mumeo atakataa katakata na ukaona anawasha kuondoka na abiria akiwa amelewa, hapo uzito unabadilika, maana kuna roho ya tatu juu ya siti ile.

Kuhusu kofi, sitalipitia haraka. Kutetemeka kwake nyuma ya choo kunaonyesha kwamba lilimtisha yeye mwenyewe. Lakini mtoto naye anahitaji kuwa salama, ugonjwa haubadilishi hilo. Siku ambayo hali haijachacha, kubalianeni: akihisi joto linapanda anatoka nje bila kuulizwa anakwenda wapi, na wewe usimfuate. Na uwe na nyumba moja, ya dada au jirani unayemwamini, ambako wewe na watoto mnaweza kulala akiwa amekunywa.

Tena muulize, mkiwa wawili tu, kama kuna nyakati anatamani angekufa yeye badala ya binti, au anawaza kujidhuru. Kuuliza hakumpandi mtu wazo hilo, mara nyingi humpa nafasi ya kupumua. Akisema ndiyo, usimwache peke yake, viondoe vile vidonge, na mwende hospitali siku hiyo hiyo. Siku hiyo hiyo pia kama kichwa kitazidi ghafla, akitapika mfululizo, akipata degedege, upande mmoja wa mwili ukilegea, au akisinzia asiamshike. Damu inayovuja taratibu huweza kujitokeza wiki nyingi baada ya kipimo cha kwanza.

Na kabla ya kwenda, chukua daftari la mahesabu ya vitumbua uandike kurasa za nyuma: ajali ilikuwa lini, alizimia kwa muda gani kwa maelezo ya wenzake, aliporudia swali ilichukua muda gani kutulia, kichwa kinauma siku ngapi kwa wiki, analala saa ngapi, anameza nini na kiasi gani, anakunywa nini. Daktari mwenye foleni ndefu atakupa dakika chache, na yeye mumeo nusu ya mambo haya hayakumbuki. Mwonyeshe kwanza ulichoandika, asome, afute anachoona si kweli na aongeze chake. Nadhani kuna mambo ataongeza.

Mama Mshauri